Fundi na Steringi Wake

Fundi televisheni wa mtaani kwetu hupima kila seti anayoitengeneza kwa filamu ileile ya mazombi, eti damu ndiyo humwonyesha kama rangi nyekundu imekaa sawa. Huchomeka bisibisi nyuma ya sikio, hukunja mikono, kisha huanza kumfokea steringi, yule shujaa wa filamu. Kila mara wanagombana palepale, mama yake steringi akishang'atwa na kugeuka zombi, na mwanawe amemwelekezea bunduki huku analia. "Piga, we bwege! Unangoja nini? Huyo si mama yako tena, hata hakujui!" Sisi wateja hucheka mpaka mbavu zinauma.

Juzi nilimkuta akimlisha mama yake mzazi, ambaye siku hizi humsahau na kumwita mwizi. Kwenye televisheni filamu ilikuwa imefika palepale. Bibi akakikosa kijiko, akamng'ata fundi kidole na kukaza meno. Fundi hakuuvuta mkono. Alimfuta kidevu kwa mkono wa pili, akamwambia taratibu, "Ni mimi, mama. Meza kwanza." Nyuma yake steringi alikuwa bado ameelekeza bunduki, na safari hii hakuna aliyemwambia apige.