Wiki Sita Nilizozikataa

Naitwa Mwajuma, lakini mtaa wote wa Buyenzi wananiita Mama Shukuru, kwa jina la binti yangu wa pekee. Nauza vitenge mtaa wa Asiatique, kwenye kibaraza cha duka la vyombo. Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke mwenye mwili, mwenye sauti, na mwenye wivu. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Mume wangu akichekeana na muuza nyanya, basi nyanya za pale sinunui tena, hata ziwe za bure.

Mume wangu ni fundi wa injini. Magari, mashine za kusaga, mota za boti, zote anazifungua na kuzifunga. Ni mtu mpole asiye na maneno mengi, na mtu asiye na maneno mengi ananitesa, kwa sababu sijui ameyaweka wapi. Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa anakwenda Ruziba, kule kando ya ziwa. Alisema wavuvi wana mota zao zinasumbua. Jioni alirudi na samaki, na shati safi. Fundi gani anayeshinda kwenye mota akarudi na shati safi? Nililinusa lile shati kila Ijumaa. Lilinuka sabuni, na si sabuni ya nyumbani kwangu.

Ugonjwa wangu ulianza na matone. Tukishalala pamoja, mimi na mume wangu, asubuhi nilikuta damu kidogo kwenye kitambaa. Haikuuma. Nikasema ni ile sindano ya uzazi wa mpango inayoharibu hesabu ya mwezi. Kisha ukaja uchafu wa rangi ya manjano, mwepesi, wenye harufu niliyoijua mimi peke yangu. Nikawa naoga mara nyingi na kukaa kimya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa naficha hata kwa dada yangu.

Siku ya kuchoma sindano nilikwenda zahanati moja upande wa Ngagara. Nesi wa pale, Goreti, ni mwanamke wa makamo anayeuliza mambo ya ndani kama anauliza bei ya maharage.

“Mama, iyo damu inakuja saa gani? Kisha ya kulala na bwana?”

Nikaangalia ukuta. Nikasema ndiyo.

Akanipa kijiti chenye brashi ndogo laini mwishoni, akanionyesha namna ya kukiingiza na kukizungusha. Nilijipima mwenyewe nyuma ya pazia, sikusikia maumivu, aibu tu. Alinipima na damu ya kidole. Niliporudi kuchukua majibu, alifunga mlango kwanza.

“Iko positif,” alisema.

Kwetu mtu akisema positif, tunajua anasema UKIMWI.

“Apana, apana, Mama Shukuru. Apana SIDA. SIDA tulipima, hauna. Iyi ni papillomavirus.”

Kifaransa changu kiliishia darasa la tano. Katika neno lile refu nilisikia kipande kimoja tu: papillon. Kipepeo. Na kipepeo kazi yake ni nini? Kutoka ua hili kwenda ua lile. Nesi aliendelea kueleza, nikaona midomo yake inacheza, lakini mimi tayari nilikuwa Ruziba. Nilisikia tu mwishoni kwamba ni kirusi cha kulala na mtu. Hilo lilinitosha.

Mume wangu aliporudi jioni hakupata hata nafasi ya kuvua viatu.

“We ndiye uliniletea papillon mu nyumba!” nilimwambia.

Akanitazama. “Papillon gani? Ya kabureta?”

Dada zangu, nilitamani kumrushia sufuria. Baadaye nilikuja kujua kwamba mafundi wana kifuniko kidogo ndani ya kabureta, kinachofunguka na kufungika, nao wanakiita hivyo hivyo. Alikuwa anauliza kwa moyo safi. Siku ile niliona ananidhihaki.

“Ya ile malaya yako ya Ruziba!”

Angekana, labda ningepoa. Yeye akachukua birika akaenda kutawadha.

Nesi alikuwa ameniambia nirudi waniangalie ndani. Nilirudi, kwa sababu nilitaka ushahidi. Nikapanda kitanda, miguu juu, chuma baridi kikafungua njia, akanipaka siki, ambayo hugeuza palipoharibika peupe, na kuangalia kwa taa. Siki iliwasha kidogo. Kisha akasema:

“Ku mulango ya kizazi iko pahali peupe. Iyi aiko kansere. Lakini tukiiacha, siku moja inaweza kuwa kansere. Tunaichoma leo leo, ni mambo ya dakika kidogo. Utarudi nyumbani na miguu yako.”

Nikauliza: “Na kisha?”

“Kisha wiki sita bila kulala na bwana, ili kidonda kipone.”

Wiki sita! Mwezi mzima na nusu juu yake, na yule wa Ruziba amekaa ananisubiri niondoke njiani! Nilishuka kile kitanda, nikafunga kitenge changu.

“Nitakuja,” nilimwambia nesi.

“Mama Shukuru, iyi aingojake mutu.”

“Nimesema nitakuja.”

Sikwenda. Mvua zikaja zikaisha. Nesi alituma watu wawili watatu kuniita, nikawajibu nina shughuli. Damu ikaanza kuja hata siku ambazo hatukulala pamoja. Mgongo uliniuma chini, pale kiunoni. Usiku nilijilazimisha kulala na mume wangu hata nilipokuwa sitaki, hata aliposema, “Pumzika, naona umechoka.” Nilikuwa nalinda shamba langu. Shukuru aliniona nafua vitambaa alfajiri akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia ndiyo, ni kisu.

Ijumaa moja nilifunga biashara mapema nikamfuata mume wangu Ruziba. Nilimwacha atangulie, nikaulizia fundi wa mota kwa wanawake waliokuwa wanaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mmoja akanyoosha mkono bila kuuliza mimi ni nani: “Iko kwa Zaituni, kama kila Ijumaa.”

Zaituni nilimjua kwa jina. Alikuwa mke wa kwanza wa mume wangu. Waliachana kabla sijamjua mimi, na niliambiwa ameolewa Kigoma. Damu ilinichemka. Nilikuwa nimejiandaa kwa msichana mwenye wanja na mikufu, kumbe ni chakula cha zamani kinapashwa moto! Nilipita mlango bila kubisha hodi.

Kilichonipokea ni harufu. Ilikuwa ile harufu yangu, ile niliyokuwa naioga kila siku, lakini kubwa, imejaa chumba. Kwenye mkeka alilala mwanamke ambaye mwili wake wote ungeingia katika kitenge kimoja ikabaki nafasi. Pembeni kulikuwa na beseni la vitambaa vyenye damu, na sabuni, ile sabuni. Mume wangu alikuwa amepiga magoti, anamnawisha mikono kwa maji ya vuguvugu ili ale.

Mnataka niseme nilimwonea huruma. Sikumwonea. Nilimwonea wivu. Nilipojifungua Shukuru, mume wangu hakuninawisha mikono. Nilisimama pale nikatamani mikono ile iliyobaki mifupa iwe yangu.

“Juu ya nini aukuniambia?” nilimuuliza.

“Ningekuambia, ungenikataza.”

“Ndiyo, ningekukataza!”

“Basi.”

Yule mgonjwa akakohoa, akasema polepole: “Baba Shukuru, nenda ututafutie makala ya jiko. Usirudi mbio.”

Tulipobaki wawili akanionyesha kwa kidevu nikae. Nikakaa, mbali kidogo.

“Naona unabana pua na aushangai,” alisema. “Ata we iko nayo?”

Sijui nini kilinifungua mdomo. Nilimweleza yote: damu, kipepeo, siki, pahali peupe, wiki sita. Kwenye kipepeo alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, nami nikaudhika, maana hata kucheka alikuwa anacheka vizuri.

“Mi ata siku moja sikupimwa,” alisema. “Nilianza kutoka damu, nikasema ni uzee unabisha hodi. Nilionaga haya kupanua miguu mbele ya mutu. Wakati nilienda, muganga ya hospitali alisema imeshapita, iko mu kibofu, iko mu mifupa.”

“Ni yeye alikuambukiza?”

“Ni nani ajuaye, mudogo yangu? Inaweza kuwa yeye. Inaweza kuwa mi nilimupatia. We aukuolewaka mbele yake?”

Niliolewa Uvira nikiwa msichana, ndoa ya muda mfupi. Baba Shukuru anajua, na miaka yote hii hajawahi kunusa nguo yangu.

Zaituni akanitazama kwa yale macho makubwa yaliyobaki usoni.

“Unaniogopa mi? Niangalie. Mi siwezi kumukamata mutu ata kidole. Ogopa ule wa tatu.”

Nikasogea karibu. “Wa tatu ni nani?”

“Simujui. Ata yeye ajamuona bado. Lakini we ukikufa, atamuona. Mwanaume anaweza kukaa bila bibi? Atalala mu kitanda yako. Atashona vile vitenge uliacha. Shukuru atamuita mama.” Alipumzika, akavuta pumzi. “We unakataa wiki sita, kisha utamuachia uyo mwanamuke miaka yake yote. Iyo ni akili?”

Sijawahi kumchukia mtu nisiyemjua kama nilivyomchukia huyo wa tatu jioni ile. Nilimwona kabisa. Nilimwona amejifunga kitenge changu cha njano, anamimina chai katika vikombe vyangu. Usingizi sikuupata. Kulipokucha nilikuwa mlangoni pa zahanati kabla hawajafungua.

Nesi Goreti hakunigombeza. Aliniangalia tena kwa siki, nami nikamtazama usoni mpaka macho yakaniuma. Pahali peupe palikuwa pamepanuka. Alichukua kipande kidogo cha nyama wakapime, na siku zile za kungoja jibu sizitaki tena maishani. Jibu likaja: bado haikuwa kansa, ila ilikuwa njiani. Akaniambia inaweza kuchomwa.

Walinichoma kwa kifaa kama kalamu nene yenye kichwa cha moto. Nilisikia tumbo linakaza kama siku ya kwanza ya mwezi, jasho likanitoka, nikamshika nesi mkono. Kisha ikaisha. Kuumwa kule nakuita maumivu ya jino, si zaidi. Nilipovaa nguo ndipo nikauliza habari za kipepeo, naye akacheka akanieleza taratibu. Kirusi hiki hakina uhusiano na vipepeo. Watu wengi waliowahi kulala na mtu wanakutana nacho, wengi miili yao inakifukuza bila wao kujua. Kwa wengine kinakaa kimya miaka na miaka, ndiyo maana hakuna daktari anayeweza kukuambia nani alikileta. “Usitafute mwizi,” aliniambia. “Funga mulango.”

Wiki zilizofuata nilitoka maji mengi, meupe, wakati mwingine yenye damu. Nilivaa kitambaa, sikubeba marobota ya vitenge, sikulala na mume wangu. Kila Ijumaa nilikwenda naye Ruziba. Msidhani nilikuwa nimegeuka malaika. Nilikwenda kumlinda. Lakini ukifika mahali penye mgonjwa huwezi kukaa mikono mitupu, basi nikawa namwogesha Zaituni mimi, na mume wangu akatumwa maji. Kumnawisha mikono nilimkataza kabisa. Zaituni alikuwa anacheka: “Umemupokonya ata iyo kazi!”

Alifariki kabla ya Ramadhani, katikati ya mchana, mimi nikiwa naye. Mume wangu alilia sana mazikoni. Nilimhesabia machozi, Mungu anisamehe, na mimi mwenyewe nilikuwa nalia.

Nilipimwa tena mwaka uliofuata. Pahali peupe hapakuwapo, na kirusi hakikuonekana. Nesi alisema nisibweteke, niendelee kurudi kila atakaponiita, na sasa naitika. Kuhusu Shukuru nimeuliza habari za chanjo ya wasichana, ile inayochomwa kabla hawajajua mwanaume, kwa sababu binti wa ndugu yangu kule Kigali aliipata shuleni, na sitaki mtoto wa mtu awe na kinga ambayo wangu hana.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Goreti aliyenisubiri. Namshukuru Zaituni, aliyekuwa na kila sababu ya kuniacha niangamie, akanipa njia. Na ninyi dada zangu mnaosoma, msisubiri damu, maana ugonjwa huu mara nyingi hauna hata dalili moja. Mkipimwa mapema unachomwa na mnarudi nyumbani kupika. Wengine watakwambia nenda kwa ajili ya watoto, au kwa kumcha Mungu. Ni kweli. Lakini kama hayo hayakutoshi, nenda kwa wivu. Mimi ndio ulionipeleka.

Na wewe wa tatu, popote ulipo, tafuta mume mwingine. Huyu ana mkewe, na mkewe ni mzima.