Mkungu Kwenye Mashine ya Joto

Jumatatu nilikuwa katika ghala la kahawa pale Omurushaka, kwenye chumba ambacho mabomba ya mvuke na feni hukausha kahawa iliyonyeshewa. Joto la humo, nawaambieni, linaivisha mawe. Fundi kijana kaja kusafisha mabomba, kufungua mfuniko wa mashine, akakuta mkungu wa ndizi.

"Mzee, hizi zinafanya nini humu?"

"Zinaiva," akajibu mlinzi wa ghala. "Za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Jumamosi wanakuja kumposa binti yangu, na sina hata tone la kuwapa."

"Leo nazima mvuke. Nifute vumbi, nitie feni mafuta. Kuwasha ni kesho."

Mzee akavua kofia, akapiga goti. "Shikamoo, fundi."

Karagwe nzima, mpaka Rugu, haijaona mzee akimwamkia kijana. Kijana akamwinua mbio. "Mzee, usinifanyie hivyo bwana." Akabonyeza ndizi kwa dole gumba. "Bado kidogo." Kisha akafuta vumbi kama mtu anayezima moto, akarudisha mvuke kabla mabomba hayajapoa.

Zamani mashine ile ilikuwa inamsubiri fundi mpaka inaota ndevu. Tangu Jumatatu anakuja kila asubuhi, anasema ni matengenezo ya kawaida, na anaanza na dole gumba.