Milima ya Makala Sakafuni

Watu wa bunduki walimukamata baba kule juu mu mianzi, mahali pasipo na njia. Walikuwa wamekaa wanatungojea. Mi nilijikojolea nimesimama.

Leo harufu ya makala yanayowaka jikoni imenirudisha kijijini kwetu Musaga, asubuhi tuliyopanga kukimbia vita. Baba alichora milima sakafuni kwa kipande cha makala. "Mu njia apana, wako wanaua. Tutapasua pori hapa, tutokee mu mianzi."

Fundi wa nguo, jirani yetu, akaingia kuomba moto kama kila siku. "Eh, muzee, munachora ngombe?" Akacheka. Mama akafuta kwa mguu, lakini jamaa alikuwa ameisha ona.

Mupango ule hakuna mutu mwingine aliyeuona. Fundi, mpaka leo unashona palepale. Baba yangu ulimuuza kwa nani? Jibu.