Mtungi Uliosema

Katika kazi ya sharubati mama yangu hakuuamini ulimi. Alisema ulimi ukishaonja asali hukubali kila kitu. Aliamini sikio. Sharubati ikishalala mtungini, kabla mtu hajaigusa, aliinama, akaweka sikio kwenye mdomo wa mtungi, akafumba macho. Mtungi ukiwa kimya tunakunywa. Ukisema, yaani ukisikika unachemkachemka taratibu na moto hakuna, basi imeshakuwa pombe, na nyumba yetu haikuwa na kazi na pombe. Ilimwagwa siku hiyo hiyo.

Tulikaa Bagamoyo, nyuma kidogo ya soko, miaka michache kabla Wajerumani hawajaingia. Asali ililetwa na Wazigua kutoka bara, katika vibuyu, pamoja na nta yake na miguu ya nyuki. Mama aliikagua kana kwamba imekuja kuposa. Asali nyepesi, iliyovunwa kabla ya wakati, aliikataa, kwa sababu hiyo ndiyo hugeuka upesi.

Kutengeneza kwenyewe kulikuwa kazi ya asubuhi nzima. Tulifukiza mitungi kwa ubani mpaka macho yakatutoka machozi. Tangawizi ilipondwa, mdalasini ukavunjwa, iliki na karafuu zikafungwa katika kitambaa, vyote vikachemshwa mpaka jirani wakaanza kuuliza kuna nini leo. Kisha tukangoja maji yapoe hadi kidole kivumilie, ndipo asali ikatiwa. Asali haikuruhusiwa kuona moto. Nilikuwa msichana asiye na subira na kungoja huko kulinichosha kabisa, lakini harufu yake sijaipata tena mahali pengine.

Dada yangu alipoposwa na watu wa Pangani, mji wote ulijua sharubati ya mama itanywewa na nani kwanza. Bwana harusi alilelewa na shangazi yake, na shangazi huyo alikuwa na sifa. Ilisemwa aliwahi kurudisha sinia la pilau kwa ajili ya kijiwe kimoja. Mimi niliamini, na mama pia aliamini, ingawa alijifanya hajali. Kwake harusi ile ilikuwa kikombe kimoja tu, kile kitakachowekwa mkononi mwa mwanamke yule.

Mwaka ule asali iliyopatikana ilikuwa nyepesi. Mama aliichukua akinung'unika, kwani nyingine haikuwepo. Tukatengeneza mitungi mitatu. Kesho yake alfajiri, jirani tuliyechangia naye ukuta akafariki. Huwezi kupiga vigelegele upande huu na upande wa pili watu wamekaa matanga, kwa hiyo harusi ikasogezwa. Wageni wa Pangani walikuwa wameshafika, wakakaa kwa jamaa zao wakisubiri. Wazigua walikuwa wameshaondoka na vibuyu vyao vitupu.

Nilimwambia mama tumwage. Akaniuliza kama nataka wageni wapewe maji ya kisima. Akaihamisha mitungi kwenye chumba cha ndani, penye baridi, na kila asubuhi akaenda kuisikiliza. Kila asubuhi alirudi akasema kimya.

Matanga yalipoondolewa, asubuhi ya harusi, mama alinituma nikatoe mtungi wa kwanza. Niliusikia nikiwa mlangoni. Ulikuwa unanong'ona, tena bila kificho. Nilipofunua kawa, nikaona povu limezunguka mdomo wa mtungi. Nikamwita mama nikamwambia mtungi unasema. Alikasirika. Akainama, akaweka sikio, akafumba macho muda mrefu, nami nikiwa nimesimama pale naisikia ile sauti wazi kabisa.

"Kimya," akasema. "Usinitie wasiwasi leo."

Hapo ndipo nilipojua. Mambo ya mwaka mzima yakajipanga mbele yangu: namna nilivyomwita kutoka jikoni asiitike nikadhani amenuna, namna alivyouliza kama imeshaadhiniwa hali mwadhini ndiyo kwanza amemaliza. Mama hakuwa amenuna. Alikuwa hasikii. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilikuwa na hofu, kwa maana uani walikuwepo wazee na walimu wa chuo cha Kurani, na sisi tulikuwa karibu kuwanywesha pombe siku ya harusi ya dada yangu. Harusi kuvunjika lingekuwa jambo dogo. Jina la mama lisingeinuka tena.

Kabla sijaamua lolote, shangazi wa Pangani akaingia kutafuta mahali pa kuweka ushungi wake. Alikuwa mfupi kuliko sifa zake. Akatusalimu, kisha akatega sikio, akautazama mtungi. Akanitazama mimi. Akamtazama mama, ambaye alikuwa ameshika kata na anajiandaa kuchota. Nadhani alielewa yote pale pale.

"Mkwe," akasema, akamsogelea mama mpaka wakaangaliana, "nisamehe. Sisi siku ya harusi hunywa madafu. Asali yako tutainywa tukishazoeana."

Mama aliirudisha kata polepole. Madafu yalitafutwa, wakwezi wakakwea minazi, wageni wakanywa, dada akaolewa. Siku nzima mama alitabasamu kwa meno tu. Jioni, wageni walipotawanyika, alisema watu wa Pangani hawana adabu, na kwamba yeye ataionja sharubati yake mwenyewe hata wao wakiidharau. Akachota, akaweka mdomoni. Akaitema. Akaketi juu ya kinu na hakuniangalia. Baadaye aliiburuta mitungi yote mitatu hadi nyuma ya nyumba, akaimwaga kwa mikono yake, na hakutaka nimsaidie.

Hatukulizungumza jambo lile. Mwaka wa pili shangazi alikuja kumleta dada kujifungua kwetu, na mama, bila kuulizwa na mtu, akatengeneza mtungi mmoja. Asali safari ile ilikuwa nzito na nyeusi. Kesho yake aliniita chumba cha ndani. Akainama, akaweka sikio kwenye mdomo wa mtungi kama alivyofanya maisha yake yote, ila macho hakuyafumba. Alikuwa ameyaelekeza kwangu, anangoja.

Nikasikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza kitu chochote. Kisha nikatikisa kichwa: hausemi.

"Kimya," mama akasema, akajiinua.

Akampelekea shangazi kikombe cha kwanza. Shangazi alikunywa chote, akakirudisha kitupu, akaomba kingine. Mama akamuuliza kama si wao wanaokunywa madafu.

"Tumeshazoeana," shangazi akajibu, kwa sauti kubwa, uso wake ukiwa mbele ya uso wa mama.