Majibu ya Mama Furaha Niliyoyakata kwa Kalamu Nyekundu

Jamani, kosa ni langu. Asinitetee mtu, wala msimsingizie shetani. Siku ile tulikuwepo mimi na kalamu yangu nyekundu!

Mimi ni Mtanzania, naishi South Beach hapa Durban, Afrika Kusini. Kihispania nilikiokota Arusha nikitembeza watalii, na Waswahili wa hapa wakaniita Mwalimu. Nikavimba kichwa!

Mama Furaha ni Mkongo wa Bukavu, anasuka nywele saluni kule Sydenham. Miguu imemvimba kwa kusimama, daktari kamwambia atafute kazi ya kukaa. Ikatokea kazi ya kujibu meseji za wateja wa Kihispania, unafanyia nyumbani. Nafasi moja tu. Kwenye mtihani unapewa misemo ya Kiingereza, unaandika Mhispania angesemaje.

Akaniita saluni, akanipa daftari lake la kujiandaa na mtihani. "Mwalimu, uniangalilie kama iko sawa."

Hakujua kwamba na mimi nimeiomba kazi ile ile.

Nikafungua. Eish! Kumbe yule mama alilelewa na masista wa Kihispania, anakijua kuliko mimi. Mvua kubwa Mwingereza husema inanyesha paka na mbwa, yeye kaandika inanyesha kwa mitungi. Kazi rahisi Mwingereza huiita kipande cha keki, yeye kaandika mkate uliokwisha kuliwa. Ndivyo Wahispania wasemavyo hasa! Mengine nilikuwa siyajui, nikayameza kichwani.

Halafu nikacheka, tena mbele ya wateja wake. "Mama, hata Kiswahili kimekushinda, utakiweza Kihispania? Mitungi imetoka wapi?" Saluni nzima ikaangua kicheko. Nikakata kila jibu, nikamwandikia neno kwa neno: paka, mbwa, keki. Nilijua ni upuuzi. Nilijua!

Akainamisha kichwa. "Wee njo unajua, Mwalimu. Yangu ni ya masista, iko ya zamani."

Akaandika yangu kwenye mtihani, akafeli. Nikapata mimi, kwa majibu yake.

Mke wangu husukwa kwake. Tangu siku ile Mama Furaha hapokei hela yake. "Bibi ya mwalimu, nimulipishe namna gani?" Na anamsuka amesimama kwa miguu ile ile.

Mwezi uliopita akampa mke wangu lile daftari, eti nimpe mwanafunzi mwingine. Kila jibu lake kalikata kwa mstari wa rula, chini yake kanakili langu kwa mwandiko mzuri. Mke wangu hajui Kihispania, lakini macho anayo. Akaliweka kando ya karatasi niliyobandika ukutani juu ya laptop, yenye misemo ninayotumia kazini. Akalinganisha mstari kwa mstari.

"Mbona wewe unatumia yale uliyomkatia mwenzio?"

Nikamsimulia yote. Amehamia kwa dada yake Cato Manor. Kasema atarudi siku nitakapokiri pale saluni, mbele ya wale wale waliocheka.

Jana nilifika. Mama Furaha akamwacha mteja, akanivutia kiti. "Karibu, Mwalimu!" Nikakaa mimi, akasimama yeye. Nikasema nimepita kusalimia tu. Mwoga mimi!

Wewe unayesoma, mwenzako akikuletea kazi yake uikague, ukaona kakuzidi na roho ikakuuma, mrudishie ukiwa umefunga mdomo. Sikutakiwa hata kumsaidia yule mama. Ningenyamaza tu, leo angekuwa amekaa.