Bastola Nzito ya Mtunza Silaha

Mtunza silaha wa kituo kimoja cha polisi pale Bukoba haiweki bastola mezani kabla hajachomoa magazini na kutia kidole kwenye chemba kuhakikisha haina risasi, hata kama ameikagua mwenyewe dakika moja iliyopita. Anayoipenda ni ile ya chuma kitupu, iliyotekwa vitani Uganda. Chuma kizito, asema, hakirushi mkono; risasi ikitoka, kinatulia kama padri aliyeshiba ndizi. Mwaka huu wa 1988, ukimwi ukivuma, amekonda, na majirani wake wa mtaa wa Hamugembe wameshamchagulia hata mgomba wa kuzikwa chini yake. Leo askari wa kituo wanapimwa shabaha: lazima risasi zote nane zipate, atakayekosa anastaafishwa.

“Mzee, chukua hii nyepesi,” afande anayesimamia anamhurumia.

“Mwepesi ni mimi, afande. Bastola iache iwe nzito.”

Anaishika kwa mikono miwili, anafyatua zote nane akiwa amesimama, ingawa wameshamletea kiti. Karatasi ya shabaha ina matundu saba.

“Ya nane iko wapi?”

“Imepitia tundu la saba, afande. Andika.”

Afande anaitazama karatasi, anamtazama yeye, anaandika nane.