Nyuzi Kumi na Tatu Chini ya Ngazi

Kwa jina la Mola aliyeumba joto na baridi, akakipa kila kimoja kiasi chake, tunaanza. Kwake tunaomba ulimi usiozidisha wala kupunguza katika haya tutakayoyasimulia.

Saa moja asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili anavua kandambili mlangoni, anapita ukumbini kwa nyayo tupu, kisha anapiga magoti mbele ya kijimlango kilicho chini ya ngazi. Hawashi taa. Anaingiza mkono gizani, anatoa kipimajoto chenye ufa ulioungwa kwa gundi, anakisogeza kwenye mwanga wa dirisha na kukisoma.

"Kumi na tatu," anajisemea, kisha anaandika katika daftari la kijani. Ni daftari la kumi na nne tangu aanze kazi katika nyumba hii.

Kabla ya kuyapanga mambo, yatupasa kuwapanga watu.

Wa kwanza ni huyu mtunza nyumba, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Kipimo. Amefanya kazi hapa miaka ishirini na mmoja. Wa pili ni mwenye nyumba, mpima ardhi mstaafu, mzee wa miaka themanini na mmoja aliye bado mnyoofu kama rula zake. Wa tatu ni binti wa pekee wa mzee huyo, daktari wa meno, anayeishi katika ghorofa upande wa pili wa mji. Wa nne hayuko nasi tena. Ni mke wa mpima ardhi, aliyefariki miaka minne iliyopita, na ndiye aliyemfundisha Bi Kipimo kazi hii ya kutunza mvinyo.

Kinywaji chenyewe hatukipigii debe, na Bi Kipimo mwenyewe hajawahi kukitia mdomoni. Jirani yake, mshona nguo, hachoki kumtania.

"Wewe mwenzangu, miaka yote hiyo unalea chupa, hata harufu yake huijui!"

"Na wewe suruali za wanaume unazoshona kila siku," humjibu, "umewahi kuvaa hata moja?"

Chini ya ngazi lipo kabati la baridi lenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Ndani yake zimelala chupa thelathini na moja, zote ubavu, ili mvinyo ugusane na kizibo kisikauke na kupitisha hewa. Mwekundu hukaa rafu za juu, nyuzi kumi na tatu. Mweupe hukaa chini, nyuzi tisa. Mahali hapa hapafiki jua wala joto la jiko, na mashine ya kufulia iko mbali, maana mtikisiko nao huudhi chupa.

"Watu wanadhani kutunza ni kugandisha," anaeleza. "Hapana. Mweupe ukiugandisha sana, unakuwa bubu. Mwekundu ukiupasha, unakuwa mkali kama dawa ya kikohozi. Hayo nimeambiwa, sijaonja. Mimi kazi yangu ni namba."

Mwekundu huutoa nusu saa kabla ya chakula, ufike nyuzi kumi na sita. Mweupe huutoa watu wakiwa tayari wamekaa. Mengine yote ni subira, nayo subira ilimgharimu kuipata.

Mwezi wake wa kwanza kazini, kabati likiwa kwa fundi, alikabidhiwa chupa sita za mwekundu azitafutie mahali pa baridi. Akatazama jikoni, akaona friji. Ndani palikuwa pamejaa, basi akazipanga zote juu yake, wima, akajipongeza. Siku ya tisa vizibo vilikuwa vimeanza kuchomoza, na uzi mwekundu umechirizika hadi mlangoni mwa friji.

"Nikajua kazi imeota mbawa," anakumbuka. "Nikafunga kabisa nguo zangu kwenye mfuko."

Mwenye nyumba wa kike hakupaza sauti. Alimshika mkono, akaupeleka nyuma ya friji, kwenye nyaya zenye moto.

"Unasikia? Baridi iko tumboni. Huku mgongoni inatema joto, na lote linapanda juu."

Kisha akampa kipimajoto kile kile alichonacho hadi leo. Ule mfuko wa nguo ukafunguliwa.

Miaka ikapita kwa utulivu. Mama wa nyumba akaitika wito usiokataliwa. Miaka miwili baadaye mpima ardhi akaugua mafua makali ya wiki tatu. Alipoinuka, pua yake ilikuwa imekufa, na ulimi nao. Hakunusa kahawa wala sabuni. Chakula chote kikawa kwake kama karatasi iliyoloweshwa.

Bi Kipimo alikuwa wa kwanza kugundua, siku mzee alipomaliza sahani ya mchuzi uliosahauliwa chumvi bila kusema neno.

"Usimwambie mtoto," mzee alimsihi. "Atanihamisha kama kabati."

Akaitunza siri hiyo kwa miaka miwili, na kila jioni ya Jumamosi na mchana wa Jumapili akaendelea kummiminia glasi moja, mzee asiyeionja akipewa na mwanamke asiyeionja.

Mwezi uliopita siri ikafichuka. Bi Kipimo alikuwa ametoka kununua mboga. Daktari wa meno alifika bila taarifa, akakuta nyumba imejaa harufu ya maziwa yaliyoungua, sufuria imekuwa nyeusi jikoni, na baba yake chumba cha pili anasoma gazeti kwa raha zake.

"Baba, husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Basi yakawa yamekwisha kusemwa yote.

Bi Kipimo hajitetei katika hili. "Hapo nilikosea, tena sana. Nilikuwa napima chupa kila asubuhi, sikupima moto wa jikoni. Siri ya mtu naitunza, lakini ile ilikuwa inaweza kumuua. Ningemwambia mwanawe."

Uamuzi wa binti ulikuwa mwepesi na wenye hoja. Baba ahamie kwake mwisho wa mwezi unaofuata. Nyumba ifungwe. Kabati litolewe, maana kwa mtu asiyenusa wala kuonja lina faida gani? Bi Kipimo angeshukuriwa kwa miaka yake na kuagwa kwa heshima. Kwa umri wake, na mama mkwe anayemtegemea nyumbani, kuagwa kwa heshima ni kuagwa tu.

Jumapili iliyofuata, meza ikiwa imeandaliwa, binti mwenyewe alimimina glasi mbili za mwekundu wa aina moja. Ya kwanza ilitoka chini ya ngazi, ikapewa nusu saa yake. Ya pili ilitoka kwenye chupa aliyoiweka yeye tangu jana yake, mahali alipoona panafaa.

"Baba, niambie tofauti. Ukishindwa, tusibishane tena."

Mzee aligusa ya pili kwa mdomo, hakumeza. Akaiweka chini.

"Kipimo! Umerudia makosa ya mwaka wa kwanza? Hii imelala juu ya friji."

Bi Kipimo akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Safari hii si mimi, Baba. Muulize daktari wako."

Binti alitazama jikoni, akatazama glasi. "Ni kweli niliiweka juu ya friji. Lakini Baba, joto kila mtu analijua. Ladha huipati."

"Siipati, ndiyo maana," akasema mzee, na kuishika glasi ya kwanza kwa viganja viwili. "Harufu imekwenda, utamu umekwenda, uchachu umekwenda. Kilichobaki ni ubaridi wake mdomoni. Hizi ni nyuzi kumi na sita. Mama yako alinimiminia hivi hivi miaka arobaini, na tangu aondoke, huyu hajanikosea hata siku moja. Ukinipa ya moto, mwanangu, umenipa maji ya rangi."

Hapakuwa na kilio mezani. Binti akavuta kiti karibu na mtunza nyumba.

"Dada, hivi unajuaje ni kumi na sita, wakati hutumbukizi kitu?"

"Leta kiganja. Shika hapa, chini kidogo ya shingo ya chupa. Usibane. Sasa hesabu taratibu mpaka ishirini, halafu uniambie bado inakuuma au imeshakuzoea."

Siku mbili baadaye Bi Kipimo alipanda ngazi za ghorofa ya binti akiwa na vipimajoto vitatu. Kimoja alikiacha jikoni, cha pili juu ya kabati la nguo, cha tatu katika stoo ndogo ya mashuka mwishoni mwa ujia. Aliviacha wiki nzima, akirudi kuvisoma asubuhi na alasiri. Stoo ya mashuka ndiyo iliyoshinda.

Mzee atahama, hilo halikubadilika, na Bi Kipimo mwenyewe analiunga mkono. "Akae na mtu anayenusa," anasema. Lakini kabati litahama naye, mashuka yatafute pa kwenda, na mtunza nyumba atafika siku tatu kwa wiki.

Siku tatu si sita alizozoea. Pengo hilo analijua, na tayari amelitafutia kiraka. Zahanati iliyo nyuma ya mtaa wao inatafuta mtu wa kuangalia majokofu ya chanjo, ambazo hazitakiwi kushuka chini ya nyuzi mbili wala kupanda juu ya nane. Hana cheti. Jumatatu ijayo atakwenda na madaftari yake kumi na manne ndani ya kikapu, na barua iliyoandikwa kwa mkono wa mpima ardhi.

Tuliomba kuisoma. Mzee, ambaye maisha yake yote aliandika ripoti za kurasa mia, safari hii ameandika mstari mmoja: "Mwenye barua hii nimempima miaka ishirini na mmoja, sijaona amepungua."

Bi Kipimo anaikunja upya, anaitia katikati ya daftari la kijani, kisha anarudi kupiga magoti mbele ya kijimlango. Muda wa kukisoma kipimajoto mara ya pili leo umefika.

Ewe Mola, mwenye kupima bila kukosea, mpe pumziko jema aliyetangulia. Na hawa waliobaki, mzee na binti yake na huyu mwenye amana, uwape afya, riziki ya halali na nyumba isiyowachoma wala kuwagandisha, hadi siku yao. Amina.